Maneno Yaliyopokewa Kutoka Jikoni

Sibwesa,
21 Aprili 1996

Kaka yangu Respicius,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe pamoja na wifi yangu mtarajiwa Goreth, na kwamba kile kikohozi ulichoniandikia kimeshakuachia. Mimi hapa Sibwesa ni mzima wa mwili. Mvua haijakata mpaka leo, barabara imekuwa matope matupu, na lori la mwisho kutoka Mpanda lililala siku mbili njiani na mbuzi wa watu ndani. Mahindi ya shule yamestawi kuliko ya mwalimu mkuu, jambo ambalo limemkasirisha. Darasa langu la saba lina watoto hamsini na mmoja na vitabu vya Kiingereza sita, kwa hiyo unaona mwenyewe tunavyokwenda.

Barua yako ya Februari ilinifikia salama. Nilifurahi sana kusikia padre amekubali tarehe 22 Juni na kwamba harusi itafanyika nyumbani Ilembo. Ulisema mchele nisiuwaze, kwa sababu yule rafiki wa Baba wa tangu enzi za mgodi, anayeishi Mpimbwe, atatoa magunia mawili kama kawaida yake. Mimi ulinipa kazi moja tu, ya kitabu. Ndiyo ninayotaka kukueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukiona naenda polepole.

Uliniomba nikusanye maneno ya Baba, yale ya Kiingereza na asili zake, niyaandike vizuri na kumpelekea mpiga chapa pale Mpanda mjini, vitoke vitabu themanini vya jalada la bluu, kila mgeni aondoke na kimoja. Ulisema hiyo ndiyo itakuwa heshima yetu kwake, maana Baba hakuwa na mali ya kutupa, alitupa maneno. Nilipoyasoma hayo nilitokwa na machozi, kaka. Nakuambia ili ujue nilianza kazi hii kwa moyo gani.

Sisi tulilelewa na maneno yale. Kila jioni kabla ya chakula Baba anaketi barazani kwenye kiti chake cha kamba, ameshanawa mikono, na majirani wawili watatu wamekuja makusudi. Anakohoa kidogo, halafu anatoa neno, jipya au lililokwisha kurudiwa mara nyingi. Siku moja lilikuwa "window", akasema watu wa kale kule baridi waliliita dirisha jicho la upepo. Siku nyingine "muscle", kwamba maana yake ni panya mdogo, kwa sababu ukikunja mkono unaona kitu kinakimbia chini ya ngozi, nasi wiki nzima tukakunja vikono vyetu tukimtafuta huyo panya. "Companion" ni mtu mnayekula naye mkate mmoja. "Rival" ni mtu mnayechota naye maji kwenye kijito kimoja, na jirani yetu mwenye bustani ya mchicha alicheka akashika mbavu, kwa sababu wiki ile alikuwa na kesi ya mfereji. "Lady", huyo wa gauni na kofia, alianza kama mwanamke anayekanda unga wa mkate. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba nyuma ya kila neno kuna nyumba, na ndani yake kuna mtu anafanya kazi. Nikawa mwalimu wa Kiingereza kwa sababu hiyo, sina nyingine.

Sasa sikia kilichonipata mwezi wa kumi mwaka jana, ambacho kwa aibu sikukuandikia. Tuliitwa semina Mpanda, walimu wa Kiingereza wa wilaya nzima. Mkufunzi aliuliza nani ana mbinu ya kuwafanya watoto wapende maneno. Nikasimama, kifua mbele, nikasema mimi nawaeleza asili yake, mathalani "pencil" linatokana na Bwana Pensil, fundi wa kale aliyeunguza kijiti akaanza kuandikia. Mkufunzi akauliza hayo nimeyasoma wapi. Nilisema kwa baba yangu. Ukumbi mzima ulicheka, kaka, walimu wazima, mpaka wapishi wakachungulia. Nilikaa chini, na semina ilipokwisha nikatoka wa kwanza.

Aliyenifuata nje ni Sista Médiatrice, anayefundisha sekondari pale mjini. Yeye ni wa watu wa Burundi, alikuja mwaka sabini na mbili akiwa na miaka saba, kwa miguu. Aliniambia nisione haya kupenda maneno, maana maneno ni watu kama yeye tu, kila moja limetembea kutoka mbali, ila ni vizuri kuliuliza lenyewe lilikotoka. Alinionyesha kamusi yake, nene kama tofali, inayoeleza kila neno lilivyozaliwa. Tulitazama "pencil" pamoja. Halina Bwana yeyote. Ni mkia mdogo, mkia wa brashi ya manyoya.

Kwa hiyo barua yako ilipokuja, nilisema sitaki wageni wako wamcheke Baba kama mimi nilivyochekwa. Nilipita Ilembo mwisho wa Februari, Baba akanipa daftari lake lile kubwa la jalada jeusi kwa furaha kabisa. Sista akaniazima kamusi mwezi mzima, nikaibeba hadi Sibwesa nimeifunga kwa kanga na nailoni kwa ajili ya mvua. Jioni baada ya kusahihisha madaftari nikawa napekua neno moja moja.

Sijui kama uliwahi kulifungua daftari lile. Baba alikuwa karani wa stoo, kwanza mgodini, halafu kwenye ushirika, na alilipanga kama kadi ya stoo hasa, safu nne zilizochorwa kwa rula. Ya kwanza, Tarehe. Ya pili, Kitu. Humo kwenye Kitu, mahali pa misumari na kamba, ndipo alipoandika "window" na "lady". Ya tatu, Maelezo. Ya nne, Imepokewa Kutoka. Nilicheka peke yangu nilipoiona. Mzee wa watu hawezi kupokea hata neno bila kuliandikia lilikotoka.

Neno la kwanza ni la mwaka 1963. Nilipekua kumi, yote kweli. Ishirini, yote kweli. Nilianza kuona fahari, nikasema yule mkufunzi nitamwandikia barua. "Breakfast", kuvunja mfungo, kweli. "Travel", kwamba limetokana na chombo cha miti mitatu cha kutesea watu, kweli, na mtu aliyepita barabara ya Sibwesa hahitaji kamusi kuamini. "School", kwamba kwa Wagiriki wa kale lilikuwa mapumziko, kweli, ingawa hilo sitawaambia watoto wangu wakiwa wameshika majembe. Maneno mia na kumi na mawili, kaka, na sikukuta kosa la maana hata moja.

Halafu nikafika Novemba 1977, na baada ya hapo yote yakawa uongo.

Sitanii. Kuanzia Desemba mwaka huo hadi neno la mwisho, la 1984, kuna maneno thelathini na tisa, na kila moja lina mwanamume. "Hospital" ni Jemadari Hospita. "Doctor" ni Bwana Dokta wa Uskochi. "Blanket" ni tajiri Blanketi aliyehurumia wanajeshi. Moja tu lilikuwa kweli, "sandwich", nalo nadhani alilisikia mgodini. Maneno ya mwanzo yalikuwa yamejaa mkate, upepo, panya na vijito. Haya ya mwisho yalikuwa na mabwana tu, bwana nyuma ya bwana, kila mmoja kavumbua kitu. Na hayo ndiyo niliyoyashika mimi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekua.

Ndipo nikatazama safu ya nne. Toka 1963 mpaka tarehe 12 Novemba 1977, kwa mwandiko ule mzuri wa Baba, kila mstari umeandikwa neno moja, Jikoni. Baada ya hapo kila mstari una kistari kifupi tu.

Mwanzo nilijidanganya. Nilisema ni jikoni kwa Mzungu wa mgodi, labda Baba alikuwa akisimama pale akisikiliza. Lakini mgodi ulishafungwa kabla ya neno la kwanza, na karani wa stoo hakuwa na shughuli jikoni kwa mtu. Jiko lililokuwa wazi mwaka 1963 mpaka 1977 ni letu. Na aliyekuwa ndani ya jiko lile ni mmoja. Nililifunika daftari na sikulala vizuri siku zile.

Ijumaa Kuu nilikuwa Ilembo. Baada ya Njia ya Msalaba nilimuuliza Baba kwa adabu, nimempigia magoti, ile safu ya nne maana yake nini. Alisema macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Nikamsomea. Akasema ni mambo ya kizamani. Nikamuuliza kama maneno yale yalikuwa ya Mama. Akasema neno likishaingia ndani ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba, na kwamba yeye ndiye aliyeyapa maneno yale heshima, maana yangebaki jikoni yangeliwa na moshi. Nilimwambia basi kwa nini aliandika yalikotoka. Alikasirika sana, akasema karani hadanganyi kwenye kadi. Halafu, kwa hasira hiyohiyo, akaniambia kama najifanya hakimu niende nikamuulize mwenyewe kwa kaka yake Mamba.

Mamba, kaka. Si Uvinza. Sisi tuliambiwa Uvinza. Tangu nina miaka tisa nimeambiwa Mama alitoroka na mfanyabiashara wa chumvi, akatuacha mimi na wewe kama vikapu vibovu. Nimeichukia chumvi. Umewahi kunicheka kwamba chakula changu hakina ladha, na hiyo ndiyo sababu. Nilimtazama Baba usoni nikaona anajua amekosea, na kwamba kosa analolijutia ni la kutaja mahali, si lile jingine.

Jumatatu ya Pasaka nilidandia lori la mahindi. Tulipita Sitalike, viboko wamejaa mtoni, tukapita mbuga, nikashuka Mamba, hukohuko Mpimbwe, jioni kiuno kimekwisha. Niliuliza nyumba ya Anselmo, kaka yake, nikaonyeshwa. Mwanamke alikuwa uani anashona gunia. Alikuwa anashona kwa sindano kubwa na utepe wa kitambaa cha bluu, mshono wa kupishana, na kwenye pembe anaacha masikio mawili. Nilisimama palepale. Mshono ule naujua. Kila Julai ya utoto wetu usio na Mama gunia la mchele lilishushwa pale Ilembo lina masikio mawili na utepe wa bluu, na Baba akasema ni la rafiki yake wa mgodini, nasi tukala hadi Krismasi.

Aliinua macho akasema, Eufrazia, umekonda. Hakuuliza mimi ni nani. Miaka kumi na tisa, Respicius.

Nilikaa siku nne. Mama amezeeka lakini mikono yake ina nguvu, analima mpunga ekari moja na nusu, na meno yake ya mbele yapo yote. Aliniambia kila kitu pasipo kuongeza sauti, akipepeta mchele. Alikuwa na miaka kumi na tano alipokuja Mpanda kwa mjomba wake, akapata kazi ya kumshika mtoto wa injinia wa mgodi, mtoto mgonjwa wa miguu. Mama wa yule mtoto alikuwa na kitabu cha asili za maneno, na kila asubuhi alimsomea mwanawe maneno mawili ili asahau maumivu. Mama yetu ndiye aliyekuwa amempakata. Hakujua kusoma na hajui hata leo, lakini alisikia maneno mawili kila siku kwa miaka minne, na yule mtoto alipokuwa akisahau, yeye ndiye aliyemkumbusha. Nilimjaribu. Nilitaja "window" na yeye akajibu jicho la upepo, hata ungo haukusimama.

Alipoolewa na Baba alikuwa akimwambia neno wakati ugali uko motoni, ili kumfurahisha akitoka kazini. Kesho yake anamsikia Baba analitoa barazani. Nilimuuliza kama aliumia. Alisema mwanzo hapana, alifurahi maneno yake yakitoka nje, maana yeye hakuwa na pa kuyapeleka. Alikuwa anasimama kwenye dirisha la jiko akisikiliza watu wanavyoshangaa, na hilo lilimtosha. Baadaye halikumtosha. Alitamani siku moja tu Baba aseme, hili nimeambiwa na mke wangu.

Kuhusu kuondoka kwake, sikia. Baba alimwambia kaka yake Anselmo ni mgonjwa, aende akamwone. Akampeleka mwenyewe kwenye lori, akambebea kikapu, akampa barua amfikishie mgonjwa. Mama alisafiri na barua ile siku mbili ameifunga kwenye pindo la kanga isilowane. Alipofika akamkuta Anselmo yuko shambani, mzima, anaimba. Anselmo akaifungua akasoma kwa sauti: "Namrudisha dada yako, ana mdomo." Basi. Mwanamke alibeba talaka yake kwa mkono wake mwenyewe na kuitunza isilowane, kwa sababu hakujua kusoma na alimwamini aliyempa. Nimesalitiwa mimi, kaka, nasema wazi, kwa sababu nilimpenda Baba kwa vitu ambavyo havikuwa vyake. Lakini alivyofanyiwa Mama sijui nikuitie neno gani, na kamusi ya Sista nimeipekua yote.

Sasa linakuja langu, na hili sijawahi kumwambia mtu.

Tarehe 12 Novemba 1977 ilikuwa Jumamosi. Wewe ulikuwa seminari Sumbawanga. Nyumbani walikuja wageni wakubwa, mwalimu mkuu wa pale Ilembo na wazee wa kanisa. Mwalimu mkuu akamwuliza Baba, kwa utani, "husband" asili yake nini. Mama hakuwa amempa hilo. Baba alikohoa, akasema lilitokana na mfalme mmoja, Hazbando, aliyekuwa na wake mia. Mimi nilikuwa jikoni nimeenda kuchukua chai. Mama alicheka kidogo, akaninong'oneza kwamba hakuna mfalme, "husband" ni mtu tu anayekaa katika nyumba na kuitunza. Nikabeba sinia, nikafika mbele ya wageni, nikasema, "Baba, Mama anasema siyo mfalme, ni mtu anayekaa na kuitunza nyumba. Na maneno yote Mama ndiye anayekuambiaga."

Wageni walicheka, mwalimu mkuu akajipiga mapaja. Baba alicheka pia, alicheka kuliko wote, akanipapasa kichwa. Siku ya tatu Mama alipanda lori. Miaka yote hii nilikuwa nimeliweka mbali jambo lile, nikijiambia halihusiani, mpaka nilipoiona tarehe kwenye daftari. Ni mimi, Respicius. Mdomo uliomtoa Mama nyumbani ni wangu.

Nilimwangukia Mama miguuni nikamwambia hivyo. Aliweka ungo chini. Alisema nisilie, kwa sababu alijua nitasema. Alininong'oneza makusudi, alitaka lisemwe mbele za watu japo mara moja, na yeye hakuthubutu, kwa hiyo alimtuma mtoto wa miaka tisa, na kwamba mimi ndiye ninayepaswa kumsamehe yeye. Nilimuuliza kwa nini mimi. Na jibu lake ndilo limenifanya niandike barua hii yote.

Alisema alianza na wewe.

Alisema likizo ya Juni mwaka ule alikuketisha jikoni, una miaka kumi na minne, akakuambia kila neno kabla Baba hajalitoa, siku kumi mfululizo, ili uone mwenyewe. Akakuomba jambo dogo, siku Baba atakapousifia mgodi kwamba ndiko alikoyapata maneno, wewe useme, na kwa Mama pia. Uliahidi. Siku kumi ulikaa barazani ukasikia, na siku kumi ulinyamaza. Kisha ukarudi seminari.

Sikutaka kuamini. Nilimwambia labda umri umemchanganya. Ndipo alipoingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, ndani yake kuna karatasi imekunjwa nne. Mwandiko wako ningeujua gizani, ile "r" yako yenye mkia. Mama aliniomba nimsomee, hajaisikia tangu alipohama mwalimu wa pale aliyekuwa akimwandikia barua, maana hakutaka Anselmo aijue. Nilimsomea mara mbili. "Mama, barua zako tatu nimezipata na mchele umefika, tumeula likizo, asante. Vumilia. Nikisema kitu Baba ataniondoa shule. Eufrazia usimwandikie, ni mtoto, hawezi kutunza siri. Nikimaliza nitakuja kukuchukua." Tarehe 3 Agosti 1978. Ulimaliza 1980, kaka. Mwaka huu ni 1996.

Kwa hiyo yote haya niliyokueleza, jikoni, Mamba, mchele, nimekueleza kana kwamba huyajui. Nimefanya makusudi. Nilitaka uyasome kama mimi nilivyoyapata, moja moja, na uone kila mahali ambapo ungeweza kunishika mkono na kuniambia, mdogo wangu, najua. Ulinitazama nikikua bila mama, ukanisikiliza nikimtukana, ukaniachia nisimame mbele ya walimu wa wilaya nzima na Bwana Pensil. Uliniambia nimsahau, na Goreth ukamwambia amekufa. Baba alisema uongo akiwa na woga wa kuchekwa. Wewe ulikuwa na woga gani mwaka jana? Mwaka juzi? Hata Februari ulipoandika habari za rafiki wa Mpimbwe, ulikuwa unaniandikia mimi.

Kitabu nimekipanga. Kina maneno mia na kumi na mawili. Yale ya mabwana nimeyaacha. Nimenakili safu zote nne kama zilivyo, kwa sababu Baba alisema karani hadanganyi kwenye kadi, na hilo namheshimu. Kwenye jalada nimeandika majina ya wazazi wetu wote wawili, Maneno ya Bernadetha, yaliyotunzwa na Gaspar. Mpiga chapa ananisubiri. Baba atakapoliona sijui atasema nini, lakini nitakuwa nimepiga magoti nikisubiri.

Kuhusu Mama, nilimwalika harusini kwa mdomo wangu. Alikataa. Alisema mdomo wangu umefanya kazi ya kutosha, na kwamba aliyeahidi kumchukua ni wewe. Ukimwandikia kwa mkono wako, ukaja mwenyewe Mamba kumsomea, atapanda lori. Usipomwandikia wala usipofika, hatakulaumu. Ndivyo alivyosema. Nilimwambia mimi nitakulaumu, akaurudia ungo wake.

Mpe salamu nyingi wifi yangu Goreth, na mwambie ukweli kabla ya tangazo la tatu la ndoa kanisani, maana ni binti mzuri na simtakii baraza kama la kwetu. Wasalimie wote hapo kazini kwako reli wanaonifahamu. Mungu akulinde. Nami bado ni mdogo wako, ingawa imenibidi niandike sentensi hii mara tatu.

Mama naye anakusalimu. Nilimkuta, kama nilivyosema, anashona gunia. Hilo lilikuwa la pili, la kwanza lilikuwa limeegemea ukuta. Ni mpunga wa mwaka juzi, ameutunza kwa sababu mchele wa zamani unavimba vizuri na wageni wanashiba. Alisikia kwamba unaoa. Amesema hata usipokuja, magunia yatafika Ilembo kabla ya tarehe ishirini, na anauliza kama yale ya mwaka jana hayakuwa na mawe.

Mdogo wako,
Eufrazia Gaspar Bernadetha